Barua imefika, hati hazionekani: uchambuzi wa kisa cha viambatisho kati ya Outlook, Apple Mail na Thunderbird

Usuli

Kisa hiki kinahusu ofisi mbili zinazofanya kazi pamoja katika mji mmoja wa bandari Afrika Mashariki. Majina, vikoa na mazingira yanayoweza kuwatambulisha wahusika yameondolewa. Mambo ya kiufundi yameachwa yalivyokuwa.

Ofisi ya kwanza, tuiite A, ni wakala wa meli. Watumishi wake wote wanatumia Outlook ya kompyuta iliyounganishwa na Exchange, seva ya barua ya Microsoft, ndani ya Microsoft 365. Ofisi ya pili, tuiite B, ni wakala wa forodha. Hupokea kutoka A taarifa ya kuwasili kwa meli, hati ya shehena na ankara, huandaa makaratasi ya kutoa kontena, kisha huwasiliana na mteja. Kikoa cha B kiko kwenye seva ya kukodi na barua husomwa kwa IMAP, njia ya kusoma barua huku zikibaki kwenye seva. Karani wa nyaraka wa B anatumia programu ya barua ya Thunderbird kwenye Windows. Mkurugenzi wake anatumia Mac na programu ya Apple Mail iliyokuja na kompyuta hiyo. Ofisi ikipata shida, huingia kwenye kikasha kwa kivinjari kupitia Roundcube iliyowekwa na wenye seva.

Kuna jambo moja la nyuma ambalo baadaye lilikuja kuwa na uzito. Miezi kadhaa kabla ya kisa, ofisi B ilipokea barua za ulaghai zilizojifanya zimetoka benki. Fundi wa wakati ule aliiwekea Thunderbird ya karani isome kila barua kama maandishi matupu: menyu ya "View", kisha "Message Body As", kisha "Plain Text". Kwa lengo alilokuwa nalo, alifanya sawa: viungo vilivyofichwa nyuma ya maneno mazuri vikaanza kuonekana wazi. Ila hakuandika popote kwamba amefanya hivyo, na mwenyewe akaondoka.

Kilichotokea

Malalamiko yalianza kwa karani: barua zinafika mikono mitupu. Maneno yapo, hati hazipo. Wakati mwingine chini ya barua kulikuwa na faili moja iitwayo winmail.dat, ambayo karani hakuigusa kwa sababu alikwisha kuonywa kuhusu mafaili ya ajabu. Wakati mwingine hakukuwa na kitu kabisa, hata alama ya kibanio. Dalili hizi mbili ziliandikwa kwenye daftari la matatizo kama moja: "viambatisho havifunguki". Hapo ndipo kazi ilipoharibika, maana kila aliyefuata alitafuta chanzo kimoja.

A walijibu kwamba hati zimetumwa, na kwa upande wao ilikuwa kweli: wakifungua folda ya "Sent Items" waliziona zote. Wakatuma tena, ikawa yale yale. Wakazifunga kwenye zip, ikawa yale yale. Mtu akasema huenda ni ukubwa, wakatuma ukurasa mmoja mmoja, haikusaidia. B wakazima programu ya kukinga virusi mchana mzima, jambo ambalo halikupaswa kufanywa kwenye kompyuta inayopokea barua za watu wasiojulikana, na halikubadilisha chochote. Fundi wa kuitwa akabofya "Repair Folder" kwenye sifa za folda ili Thunderbird ijenge upya faharasa yake. Kimya.

Kisha karani akaingia Roundcube kwa kivinjari, na hati zote za A zikawa zimejipanga pale. Kila mtu akaona jibu limepatikana: Thunderbird ni mbovu. Ikaondolewa, ikawekwa upya. Kwa kuwa kuiondoa Thunderbird hakufuti folda ya wasifu wa mtumiaji, programu mpya ilirudi na akaunti zote na mipangilio yote ya zamani, ikiwamo ile ya maandishi matupu. Tatizo nalo likarudi.

Wakati huohuo mkurugenzi alikuwa akimpelekea karani nyaraka za wateja kutoka Mac yake, zenye maneno mafupi na saini ya kampuni yenye rangi na nembo. Karani aliona maneno tu. Lakini si kila mara: baadhi ya barua za mkurugenzi zilifika na PDF yake salama. Hali hii ya leo ipo kesho haipo iliwafanya watu walaumu intaneti.

Ofisi zikahamia WhatsApp. Hati zikaanza kupigwa picha na kutumwa kwenye kikundi, ambako picha hubanwa na kupoteza ukali. Namba ya kontena isiyosomeka vizuri ikabidi iulizwe kwa simu. Kumbukumbu za barua pepe, ambazo ndizo zinazotumika ukizuka ubishi kuhusu nani alichelewesha kontena na nani alipe tozo, zikabaki na mapengo.

Uchunguzi

Fundi wa tatu alianza na swali ambalo halikuwa limeulizwa: je, hati zimo ndani ya ujumbe au hazimo?

Swali hilo lina jibu kwa sababu ya jinsi barua pepe inavyosafiri. Kiambatisho si mzigo unaopandishwa lori jingine. Ni sehemu ya maandishi ya ujumbe uleule. Chini ya kanuni za MIME, zinazoeleza jinsi ujumbe unavyogawanywa katika sehemu, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1992 na kupangwa upya mwaka 1996, faili husimbwa kwa base64: kila baiti 3 hugeuzwa herufi 4, na mistari hukatwa isizidi herufi 76. Ndiyo maana faili huvimba kwa takriban asilimia 37 ikiwa njiani, na kikomo cha megabaiti 25 kwa kweli hubeba faili ya kama megabaiti 18 tu. Lakini seva ikikataa ukubwa, huukataa ujumbe mzima, mara nyingi kwa msimbo 552, na mtumaji hurudishiwa taarifa. Haipokei maneno ikaacha PDF. Kinachoweza kung'oa kiambatisho njiani ni kichujio cha usalama, nacho kwa kawaida huacha ilani kwamba kimeondoa kitu. Hapa hakukuwa na barua iliyorudishwa wala ilani. Kwa hiyo dhana ya ukubwa ingeweza kuondolewa siku ya kwanza bila kutuma ukurasa mmoja mmoja.

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu. Kwenye orodha ya barua za Thunderbird, bofya ikoni ya kuchagua safu iliyo mwisho wa kichwa cha orodha, weka alama kwenye "Size". Barua ya mistari mitatu kutoka A ilikuwa na zaidi ya megabaiti moja. Barua ya mkurugenzi isiyo na kibanio nayo ilikuwa nzito vilevile. Mistari mitatu na saini havifiki huko. Hati zilikuwamo.

Kipimo cha pili ni kuusoma ujumbe mbichi: Ctrl+U kwenye Thunderbird. Kwenye Apple Mail ni "View", "Message", "Raw Source". Kwenye Gmail ni "Show original". Outlook ya kompyuta haifai kwa kazi hii, kwa sababu Exchange huuvunja ujumbe na kuuhifadhi kwa umbo lake yenyewe. Unachoweza kuona huko ni vichwa vya ujumbe tu.

Hapa kuna mtego uliopoteza muda. Karani alimpelekea fundi barua yenye shida kwa kubofya "Forward" ya kawaida. Thunderbird ikaandika ujumbe mpya kutokana na kile ilichokuwa ikionyesha, na ushahidi ukabaki nyuma. Njia sahihi ni "Message", "Forward As", "Attachment", au kuihifadhi barua kama faili ya .eml kwa "Save As". Fundi aliomba nne: moja ya A, moja ya mkurugenzi iliyofika bila hati, moja ya mkurugenzi iliyofika na hati, na moja yenye PDF iliyotumwa makusudi kutoka Gmail ili kuwa kipimo cha kulinganishia.

Barua ya A, ikipunguzwa, ilikuwa hivi:

```
X-MS-Has-Attach: yes
X-MS-TNEF-Correlator: <...>
Content-Type: multipart/mixed; boundary="_002_"

--_002_
Content-Type: text/plain; charset="us-ascii"

--_002_
Content-Type: application/ms-tnef; name="winmail.dat"
Content-Transfer-Encoding: base64

eJ8+I...
```

Hii ni TNEF, umbo la Microsoft la kubebea ujumbe wa aina ya Rich Text, yaani maandishi yenye mapambo ya Outlook. Outlook ikituma kwa umbo hili, haiweki PDF kama sehemu yake yenyewe. Inachukua mapambo ya maandishi, viambatisho vyote na taarifa nyingine, inavifungasha ndani ya faili moja, winmail.dat. Anayepokea kwa Outlook haoni chochote cha ajabu kwa kuwa programu yake inajua kufungua. Thunderbird yenyewe haijui. Alama ya kuitambua ni zile herufi za mwanzo: faili ya TNEF huanza na baiti 78 9F 3E 22, ambazo kwa base64 hutoka kama eJ8+I. Ukizikuta, huna haja ya kuendelea kubahatisha, hata kama jina la faili limebadilishwa.

Hapo pia kitendawili cha zip kikafunguka. Zip yenyewe ilifungwa ndani ya winmail.dat kama kitu kingine chochote. Na Roundcube ilionyesha hati kwa sababu ina kisimbuzi cha TNEF ndani yake. Ilichothibitisha ni kwamba ujumbe ulifika mzima kwenye seva. Kwamba Thunderbird imeharibika, hilo halikuthibitishwa.

Barua ya mkurugenzi ilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa:

```
Content-Type: multipart/alternative; boundary="Apple-Mail=_1"

  text/plain
  multipart/mixed
     text/html
     application/pdf   (Content-Disposition: inline)
     text/html
```

Hapa hakuna winmail.dat. PDF iko wazi, na imesimbwa vizuri. Kosa liko kwenye mahali ilipowekwa. Katika MIME, multipart/alternative maana yake ni "haya ni maumbo tofauti ya habari ileile, chagua moja". Apple Mail ilitoa matawi mawili: la kwanza maandishi matupu, la pili HTML, yaani maandishi yenye mapambo, pamoja na PDF. Programu inayochagua tawi la HTML inaipata PDF. Programu iliyoambiwa ichague maandishi matupu inachukua tawi la kwanza na kuliacha la pili lote, PDF ikiwa ndani. Thunderbird ya karani ilikuwa imeambiwa hivyo na fundi wa kwanza.

Ile barua ya mkurugenzi iliyofika salama haikuwa na saini wala rangi. Apple Mail isipokuta mapambo hutuma maandishi matupu ndani ya multipart/mixed, na PDF hukaa juu pamoja nayo, haimo ndani ya tawi lolote. Kwa hiyo kilichoamua kama hati itaonekana kilikuwa saini. Ukweli ni kwamba hakuna mtu angelikisia hilo kwa kutazama skrini.

Kila programu peke yake ilikuwa na hoja. Outlook ilitumia umbo lake halali, Apple Mail iliandika MIME isiyovunja kanuni, na Thunderbird ilitii amri ya mwenye kompyuta.

Maamuzi na sababu zake

*Kuokoa hati zilizokwisha kufika.* Hili lilitangulia, kwa sababu kulikuwa na kontena zinazongoja. Mafaili ya winmail.dat yalihifadhiwa kwenye folda moja na kufunguliwa kwa programu ya tnef kwenye kompyuta ya Linux:

```
tnef --list winmail.dat
tnef -C hati winmail.dat
```

Amri ya kwanza huorodhesha kilichomo, ya pili hukitoa na kukiweka kwenye folda iitwayo hati, ambayo iwe imeundwa kwanza. Kuna tovuti zinazofungua winmail.dat bila kusakinisha kitu. Zilikataliwa. Ankara na hati za forodha zina thamani ya mizigo, namba za mlipakodi na majina ya wateja, na hakuna sababu ya kuzipandisha kwa mtu usiyemjua ili kuokoa dakika tano. Barua za mkurugenzi hazikuhitaji uokoaji wowote: ilitosha kugeuza "Message Body As" kuwa "Original HTML", na vibanio vikajitokeza vyote kwenye barua za miezi iliyopita.

*Outlook za ofisi A, mtumiaji mmoja mmoja.* Msimamizi wa mfumo wa A alianza na mipangilio ya kompyuta: "File", "Options", "Mail". Juu, "Compose messages in this format" ikawekwa HTML. Chini zaidi, kwenye sehemu ya "Message format", chaguo la barua za Rich Text kwenda kwa wapokeaji wa intaneti likawekwa "Convert to HTML format". Ilikuwa hatua ya busara kwa sababu haigusi seva na inarudishwa kwa kubofya mara moja.

Winmail.dat zikapungua, hazikuisha. Mtumishi mmoja wa A aliendelea kuzizalisha kwa sababu mbili zilizoshikana. Kwanza, Outlook hujibu barua kwa umbo la barua iliyojibiwa. Mazungumzo ya ndani yaliyoanza kwa Rich Text yakiongezwa anwani ya nje, huendelea kwa Rich Text. Pili, anwani ya karani wa B ilikuwa imehifadhiwa kwake na maagizo yake yenyewe, "Send using Outlook Rich Text format", na agizo la anwani moja hushinda mpangilio wa jumla wa Outlook. Kumbukumbu hiyo hukaa kwenye anwani zilizohifadhiwa na pia kwenye orodha ya majina yanayojikamilisha unapoandika. Ikafutwa: andika herufi za kwanza za jina, bofya alama ya X pembeni yake, kisha andika anwani nzima upya. Kwa mwenye orodha ndefu iliyochafuka kuna kitufe cha "Empty Auto-Complete List", ila mtu ataarifiwe kwanza, maana watumishi wengi wanaitegemea orodha ile kama kitabu chao cha anwani.

Mtumaji anaweza kujikagua kabla ya kutuma. Dirisha la barua mpya lina jina juu: likisema "Message (Rich Text)", simama. Na viambatisho vikionekana kama ikoni katikati ya maandishi, badala ya kupangwa chini ya mstari wa mada, hiyo ni Rich Text.

*Exchange.* Kukimbizana na kompyuta moja moja hakuna mwisho, kwa kuwa mtumishi mpya au kompyuta mpya hurudisha shida. Seva ina neno la mwisho: mpangilio wa kikoa cha mbali, yaani kikoa cha nje ya shirika, hushinda ule wa anwani, nao ule wa anwani hushinda wa Outlook. B waliomba mpangilio wa jumla ubadilishwe. Msimamizi wa A alikataa mwanzoni, akihofia kuvuruga barua za ndani na vitufe vya kupigia kura vinavyotegemea TNEF. Makubaliano yakawa kuanza na kikoa cha B peke yake:

```
Get-RemoteDomain | Format-Table Name,DomainName,TNEFEnabled
New-RemoteDomain -Name "Ofisi B" -DomainName ofisi-b.example
Set-RemoteDomain -Identity "Ofisi B" -TNEFEnabled $false
```

Thamani ya TNEFEnabled ikiwa tupu, Exchange hufuata matakwa ya mtumiaji. Ikiwa `$true`, hutuma TNEF siku zote. Ikiwa `$false`, haitumi kamwe kwa kikoa hicho. Asiyependa amri atapata chaguo hilohilo kwenye ukurasa wa usimamizi wa Exchange, "Mail flow", "Remote domains", kipengele cha "Use rich-text format", akichagua "Never". Hofu ya barua za ndani haikuwa na msingi, kwani mipangilio ya vikoa vya mbali haigusi barua kati ya watumishi wa shirika lenyewe. Vitufe vya kura kwenda nje ndivyo hupotea kweli, na A hawakuwa wakivitumia na watu wa nje. Walipojiridhisha, wakafanya vivyo hivyo kwa kikoa cha `Default`, kinachosimamia vikoa vyote visivyotajwa.

*Thunderbird ya karani.* Kurudisha "Original HTML" kungetatua barua za mkurugenzi papo hapo, na kungefungua tena mlango uliofungwa kwa sababu ya ulaghai. Iliwekwa "Simple HTML", inayochukua tawi la HTML na kulisafisha, huku picha za kutoka mbali zikiendelea kuzuiwa. Barua zilezile nne za majaribio zikafunguliwa tena chini ya mpangilio huu, na PDF ikaonekana katika zile za mkurugenzi zote mbili. Anayeshikilia maandishi matupu kwa sababu za usalama ana njia nyingine: kwenye kihariri cha mipangilio ya Thunderbird, `mailnews.display.show_all_body_parts_menu` ikiwekwa `true`, menyu ya "Message Body As" huongezewa "All Body Parts", inayoonyesha kila sehemu ya ujumbe bila kuchagua tawi. Inachosha macho kwa kazi za kila siku, lakini ni nzuri kwa barua moja inayotiliwa shaka.

*Mac ya mkurugenzi.* Kulikuwa na hoja ya kuiacha, kwa vile karani alikwisha kupona. Ilikataliwa kwa sababu mkurugenzi huandikia wateja pia, na programu zao hazijulikani. Alielekezwa kwamba barua yenye hati rasmi aigeuze kwa "Format", "Make Plain Text", au Shift-Command-T, kabla ya kutuma. Saini yenye nembo ibaki kwa barua zisizo na hati. Hakufurahia.

Matokeo

Baada ya kikoa cha B kuwekwa kwenye Exchange ya A, barua zote zilizokaguliwa zilifika na PDF kama sehemu yake yenyewe, zikiwamo za yule mtumishi aliyesumbua. Karani aliacha kuingia Roundcube ili kutafuta hati. Programu ya kukinga virusi ilirudishwa. Kikundi cha WhatsApp kilibaki kwa ajili ya kuulizana, si kwa nyaraka.

Upande wa mkurugenzi ulitengemaa nusu. Ndani ya ofisi hakuna tena kinachopotea. Kwa wateja inategemea kama amekumbuka kugeuza umbo, na siku za haraka hakumbuki.

Lilibaki jambo dogo. Mteja mmoja alilalamika kwamba hati inafika lakini haina jina, imeandikwa ATT00001. Jina lake la asili lilikuwa refu na lenye herufi zisizo za kawaida, na majina ya namna hiyo huandikwa kwa kanuni ya RFC 2231, ambayo programu nyingine za zamani haziisomi. Mafaili yakaanza kupewa majina mafupi, herufi za kawaida, namba na vistari tu.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni safu ya ukubwa. Haihitaji ruhusa, haibadilishi kitu, na ilifuta dhana tatu kwa mara moja: kwamba mtumaji hakuambatisha, kwamba seva imekataa, kwamba kitu kimeng'olewa njiani. Ingetazamwa siku ya kwanza, zip na ukurasa mmoja mmoja visingekuwapo, wala virusi visingefunguliwa mlango.

Barua ya Gmail iliyotumwa kwa makusudi nayo ilifanya kazi kubwa kuliko ilivyoonekana. Ilifika na PDF yake hata chini ya maandishi matupu, kwa sababu Gmail huweka viambatisho juu kwenye multipart/mixed. Ilionyesha kwamba Thunderbird ile inaweza kuonyesha PDF, na kwamba jibu liko kwenye umbo la ujumbe.

Majaribio ya A hayakuwa na maana, ingawa yalifanywa kwa nia njema. Walitazama "Sent Items", kisha wakamtumia mtu wa nje anayetumia Outlook, naye akathibitisha kuona hati. Outlook kwa Outlook itafaulu siku zote katika TNEF. Jaribio la namna hii lazima lifanywe kwa programu inayolalamikiwa, au kwa nyingine isiyo ya ukoo mmoja na ya mtumaji.

Kosa la kuandika dalili mbili kama moja lilikuwa na gharama ya pekee: kila suluhisho la kweli lingeonekana limeshindwa. Tuseme yule fundi wa kuitwa angesahihisha TNEF. Karani angeendelea kuona barua za mkurugenzi bila hati, na wote wangesema mpangilio wa Exchange haukusaidia, pengine wangeurudisha. Daftari la matatizo lilipaswa kuwa na safu nne kwa kila tukio: nani ametuma, kwa programu gani, kipi kimeonekana mahali pa kiambatisho, na ukubwa wa ujumbe. Kwa mistari mitano tu ya namna hiyo, mgawanyiko kati ya A na mkurugenzi ungejionyesha wenyewe.

Mpangilio wa maandishi matupu unastahili kutetewa. Ulizuia hatari ya kweli, na fundi aliyeuweka hakuwa na sababu ya kujua kwamba mkurugenzi angenunua Mac. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa maandishi kwenye kumbukumbu za ofisi: nini kimebadilishwa, kwenye kompyuta ipi, kwa nini.

Marekebisho ya A yanailinda B dhidi ya A tu. Shirika lingine lolote lenye Exchange linaweza kesho kutuma winmail.dat, na B hawana mamlaka juu ya seva ya mtu. Kwa hiyo kompyuta ya karani iliwekewa programu-jalizi ya LookOut, inayofungua TNEF ndani ya Thunderbird. Iliwekwa mwisho kwa makusudi: ingewekwa mwanzo, ingeficha dalili kwa karani mmoja huku A wakiendelea kuwatumia wateja wao wengine mafaili yasiyofunguka. Na msimamizi wa mfumo wa mtumaji mpya hupelekewa maelezo mafupi: barua zenu zinafika kama `application/ms-tnef`, tafadhali kagueni TNEFEnabled kwa kikoa chetu, ujumbe mbichi umeambatishwa kama .eml. Maneno hayo hupata jibu haraka kuliko "viambatisho vyenu havifunguki".